Swali la Vanuatu limefika hadi Kisiwa Panza

Tarehe 23 Julai 2025, mjini The Hague, Jaji Iwasawa Yuji, Rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, alisoma kwa takriban saa mbili muhtasari wa maoni ambayo majaji wote 15 waliyapitisha bila hata mmoja kupinga. Walikuwa wameulizwa nchi zina wajibu gani kisheria kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na nini kinafuata zikivunja wajibu huo. Swali lilibebwa hadi pale na Vanuatu, nchi ya visiwa 83 katika Pasifiki ya kusini yenye watu laki tatu na ushei, wachache kuliko wakazi wa Pemba. Huku kwetu habari ilipita kama upepo: picha ya waziri mbele ya Kasri la Amani, makao ya Mahakama hiyo, maneno "kisiwa kinachozama", kisha tukarudi kwenye siasa zetu. Hata maneno yale machache hayakuwa sahihi. Vanuatu haizami. Ni nchi ya milima ya volkano, na kilele cha Tabwemasana katika kisiwa cha Espiritu Santo kina mita 1,879 juu ya usawa wa bahari. Vilivyo hatarini kufunikwa ni visiwa bapa vya matumbawe kama vya Tuvalu na Kiribati. Vanuatu inapigwa na vimbunga, pwani zake zinaliwa na baadhi ya vijiji vyake vimelazimika kuhama, lakini ilikwenda The Hague kama jirani mwenye nafuu kidogo aliyejitwika mzigo wa mtaa mzima.

Kosa hilo dogo limezaa kubwa zaidi, nalo ni kuichukulia kesi ile kama ombi la huruma la wanyonge, jambo la wapenda mazingira, lisilowahusu watu wenye nchi kavu ya kutosha. (Naiita kesi kwa mazoea tu, haikuwa na mlalamikaji wala mshtakiwa.) Ninachoshikilia ni kwamba Vanuatu ilifanya kazi ya haki za binadamu, kazi ya miaka mingi na yenye ufundi, na kwamba sehemu ya ufundi huo ni ule ule ambao Tanzania na majirani zake waliutumia kwa fahari katika Umoja wa Mataifa miaka ya 1960 na 1970. Sisi tumeuweka kando. Wao wameuendeleza, na matunda yake yameanza kutufikia bila sisi kuyatambua.

Ili kuielewa Vanuatu inafaa kurudi nyuma kidogo. Kabla ya 30 Julai 1980 visiwa hivyo viliitwa New Hebrides, navyo vilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja kuanzia 1906. Palikuwa na vikosi viwili vya polisi, magereza ya aina mbili, shule za mifumo miwili, sheria za mabwana wawili. Mwingereza alilindwa na sheria ya kwao, Mfaransa vivyo hivyo, na mwenyeji hakuwa raia wa upande wowote. Alikuwa mtu asiye na uraia katika ardhi ya babu zake. Faili la New Hebrides lilikuwa mezani kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ukoloni, na mwenyekiti wa kamati hiyo kuanzia 1972 hadi 1980 alikuwa Mzanzibari, Salim Ahmed Salim, balozi wa Tanzania jijini New York. Waziri Mkuu wa kwanza wa Vanuatu, padri wa Kianglikana Walter Lini, alihubiri ujamaa wa Kimelanesia, na wanaoandika historia yake wanamtaja Mwalimu Nyerere miongoni mwa waliomjenga kifikra. Chini ya Lini, Vanuatu ilikataa silaha za nyuklia katika eneo lake, ikawatetea Wakanaki wa Kaledonia Mpya dhidi ya Ufaransa na watu wa Papua Magharibi dhidi ya Indonesia, mataifa makubwa ambayo yangeweza kuiumiza kiuchumi wakati wowote. Msimamo kuhusu Papua umedumu: Januari 2019 ujumbe wa Vanuatu ulimchukua kiongozi wa Wapapua aliyeko uhamishoni, Benny Wenda, hadi Geneva kuonana na Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu. Kwa hiyo safari ya The Hague haikuanzia kwenye hofu ya maji. Ilitoka katika nchi iliyozaliwa ikiamini kwamba mdogo akishika sheria anaweza kumsimamisha mkubwa, imani ambayo iliwahi kuwa yetu pia.

Wazo lenyewe lilichipuka darasani. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, katika kampasi ya Port Vila, waliamua kuwaandikia viongozi wa nchi zao kuwaomba walipeleke suala la tabianchi mahakamani. Palau, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, ilikuwa imelitamka jambo hilo mwaka 2011 na likaishia njiani. Safari hii serikali ya Vanuatu ilisikia, na Septemba 2021 ikatangaza rasmi kwamba italibeba. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, kwa sababu nchi moja haiwezi kwenda yenyewe kuomba maoni ya ushauri pale The Hague. Ni lazima Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liombe. Vanuatu ilikusanya kundi la nchi 18 za kuandika swali, na orodha hiyo inastahili kusomwa taratibu: ndani yake wamo Bangladesh, Vietnam, Costa Rica, Ujerumani, Liechtenstein, Sierra Leone, Morocco, Angola, Msumbiji na Uganda. Mwanzoni mwa Machi 2023 vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga Vanuatu ndani ya siku chache. Wajumbe wake walikuwa New York wakihesabu waungaji mkono huku nyumbani watu wakiokota mabati. Tarehe 29 mwezi huo azimio lilipita bila kupigiwa kura, nchi 132 zikiwa zimeweka majina yao kama wadhamini wake.

Ufundi ninaousema uko katika maandishi ya swali lenyewe. Halikuitaja nchi yoyote kwa jina, na hilo liliwanyima wakubwa sababu rahisi ya kulipinga. Lakini liliorodhesha sheria ambazo majaji wazitazame, na katika orodha hiyo, pamoja na mikataba ya tabianchi na Mkataba wa Sheria ya Bahari, iliwekwa ile mikataba miwili mikuu ya haki za binadamu ya 1966, ule wa haki za kiraia na kisiasa na ule wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, pamoja na Azimio la Ulimwengu la 1948. Msomaji anaweza kuliona kama jambo la makarani. Sivyo. Mkataba wa Paris una lugha laini: nchi inajipangia lengo, inaripoti, inahimizwa. Swali lingefungwa humo, jibu nalo lingebaki humo. Kwa kuingiza haki za binadamu, Vanuatu ilileta mahakamani mtu mwenyewe, mwenye haki ya kuishi, ya chakula, ya maji na ya makazi, ambaye mkataba wa mazungumzo ya serikali humtaja kwa mbali. Wakubwa waliliona hilo. Kwenye vikao vya Desemba 2024, ambako nchi 96 na mashirika 11 yalizungumza, Marekani, China, Uingereza, Saudi Arabia, Australia, na hata Ujerumani iliyosaidia kuandika swali, zilisimama kwa nyakati tofauti kuwaambia majaji kwamba mikataba ya tabianchi inatosha na hakuna haja ya kutafuta wajibu mwingine nje yake. Mahakama ilikataa.

Njia hiyo haikutengenezwa na Vanuatu peke yake. Maldives, visiwa vya Bahari ya Hindi tunayooga sisi, ndiyo iliyoitisha mkutano wa nchi ndogo mjini Malé mwaka 2007 na kutoa tamko lililounganisha tabianchi na haki za binadamu waziwazi, wakati wanasheria wengi walikuwa bado wanaona muungano huo ni ndoto. Tarehe 8 Oktoba 2021 Baraza la Haki za Binadamu huko Geneva lilitambua haki ya kuwa na mazingira safi, yenye afya na endelevu, azimio lililobebwa na Costa Rica, Maldives, Morocco, Slovenia na Uswisi. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu likafuata kwa kura 161, hakuna aliyepinga, nchi 8 zikijizuia. Majaji walipofikia suala hilo mwaka 2025 walisema mazingira ya aina hiyo ni sharti la mtu kufaidi haki nyingine zote. Walisema pia kwamba nchi ikishakuwepo, kupotea kwa kimojawapo cha viungo vyake, yaani ardhi, si lazima kuifute kama nchi. Nilipousoma mstari huo niliwakumbuka wale watu wa New Hebrides walioishi miaka zaidi ya 70 bila uraia wa mtu yeyote. Wajukuu zao ndio waliowasaidia watu wa Tuvalu na Kiribati wasije wakaambiwa siku moja kwamba hawana nchi.

Sasa tuzitazame hoja za wanaobeza. Iliyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayosikika sana redioni, ni kwamba yale ni "maoni tu", hayamfungi mtu, hivyo ni karatasi. Kweli, maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu. Lakini anayesema hivyo hajatazama kinachotokea baharini mashariki mwetu. Juni 2017 Mauritius ilipata kura 94 dhidi ya 15 katika Baraza Kuu ili Mahakama iulizwe kuhusu visiwa vya Chagos, ambavyo Uingereza iliving'oa Mauritius kabla ya kuipa uhuru na kuwafukuza wenyeji wake ili Marekani ijenge kambi Diego Garcia. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ikasema Uingereza inapaswa kumaliza utawala wake pale haraka iwezekanavyo. London ilijibu hivyo hivyo: ni maoni tu. Miezi mitatu baadaye Baraza Kuu likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Januari 2021 jopo maalumu la Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari likaamua kwamba lina mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mpaka wa bahari kati ya Mauritius na Maldives, likiyachukulia maoni yale kuwa yana athari za kisheria. Oktoba 2024 Uingereza ikatangaza makubaliano ya kuirudishia Mauritius mamlaka, na mkataba ukatiwa saini tarehe 22 Mei 2025. Mkataba huo una kasoro kubwa, kwa sababu Wachagos wenyewe hawakuketi mezani kama wenye mali, na kambi inabaki kwa kukodishwa miaka 99. Hata hivyo, dola lenye kura ya turufu katika Baraza la Usalama lilisogezwa hadi kwenye meza ya mazungumzo na karatasi ambayo lilikuwa limesema haina uzito. Sheria ya kimataifa haina polisi wa kuja kukukamata, ila mtu akishasemwa mbele ya watu wazima wote wa mtaa, hata dukani anakoenda kukopa humtazama kwa jicho jingine. Mahakama za ndani hunukuu, wakopeshaji huuliza, wapinzani bungeni hutumia.

Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Inasema nchi hizi ndogo si malaika. Vanuatu yenyewe imeuza pasipoti kwa matajiri wa dunia kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliwaondolea raia wake ruhusa ya kuingia bila viza. Katika uchaguzi wa 2022 mwanamke mmoja tu alipata kiti katika bunge la watu 52. Na ile Maldives niliyoisifu, siku Baraza Kuu lilipopiga kura kuhusu Chagos mwaka 2019, ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizopinga, bega kwa bega na Marekani na Uingereza, kwa sababu ilikuwa na ugomvi wa mpaka wa bahari na Mauritius. Sioni faida ya kuyaficha haya. Udogo haumpi mtu uadilifu, na mwanamke wa Vanuatu asiye na wawakilishi wa kutosha bungeni ana haki ya kuwauliza viongozi wake kwa nini wana sauti kubwa The Hague kuliko kijijini kwake. Lakini hoja hii ikisukumwa hadi mwisho inasema kwamba asiye msafi asidai haki ya mwingine, na kwa kipimo hicho harakati za kuikomboa kusini mwa Afrika zisingekuwepo, maana nyingi ya serikali zilizowapa wapigania uhuru kambi, silaha na sauti zilikuwa na wafungwa wao wa kisiasa nyumbani. Tulifanya lililo sahihi kwa Msumbiji na Afrika Kusini huku tukiwa na makosa yetu. Namibia ilipata maoni yake kutoka mahakama hiyo hiyo mwaka 1971, na wala hakuna aliyeyakataa kwa sababu nchi za Afrika zilizoyapigania zilikuwa na chama kimoja.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayotugusa kwenye mfuko. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 limechorwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Uganda inasubiri fedha za mafuta ya Ziwa Albert, Tanzania ina hisa na ina gesi yake, Msumbiji ina gesi ya Cabo Delgado. Katika maoni yake Mahakama ilisema kwamba nchi kushindwa kuilinda tabianchi, ikiwemo kupitia uzalishaji wa mafuta ya kisukuku, utoaji wa leseni za utafutaji au ruzuku, kunaweza kuwa kosa chini ya sheria ya kimataifa. Basi mtu wa Kampala au Dodoma anauliza, na ana haki ya kuuliza: bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, watu wake wapatao milioni 600 hawana umeme, halafu leo, baada ya Ulaya na Marekani kuchoma makaa miaka 200, mlango unafungwa mbele yetu kwa jina la haki za binadamu?

Siidharau hoja hii, na sidhani Vanuatu inaidharau. Lakini inasoma nusu ya maoni. Majaji walirudia kanuni kwamba wajibu ni wa wote ila unatofautiana kwa uwezo na mazingira ya kila nchi, na kiwango cha uangalifu kinachodaiwa kwa tajiri aliyechafua zamani hakilingani na kinachodaiwa kwa anayeanza. Halafu ikaja sehemu ambayo mawaziri wetu wa fedha walipaswa kuikariri: nchi iliyosababisha madhara kwa kuvunja wajibu wake inaweza kudaiwa iache, ihakikishe haitarudia, irudishe hali ilivyokuwa pale inapowezekana, na ilipe fidia. Kwa miaka mingi tumekwenda kwenye mikutano ya tabianchi kuomba misaada, tukarudi na ahadi. Sasa ipo kauli ya mahakama ya juu kabisa duniani kwamba kinachoombwa kwa magoti kinaweza kudaiwa kwa kusimama. Anayelitaka dai hilo atalazimika kuukubali na upande wa pili wa sheria hiyo hiyo, kwamba leseni atakayoisaini kesho ataisaini akijua. Uganda ilikaa miezi mingi ikisaidia kuandika swali huku ikichimba visima kando ya Ziwa Albert. Wapo walioona ni kujichanganya. Mimi naona ni mahali pa kweli pa kuanzia, kwa sababu nchi iliyomo chumbani inaweza kupigania jinsi neno "uwezo" linavyopimwa, na anayekaa nje atakuta limeshapimwa. Kuna jingine pia. Malalamiko ya wanakijiji waliopisha njia ya bomba, wa Uganda na wa Tanzania, kuhusu fidia zilizochelewa, ni suala la haki za binadamu hata kama hewa ukaa isingekuwepo duniani. Serikali inayotaka kusema "tuna haki ya kuendelea" inabidi iweze kumwonyesha mtu aliyeendelea.

Upo ugumu mwingine ambao niliuona kwa macho kabla sijausoma kwenye hati za mahakama. Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo kusini mwa Pemba. Nilipofika, mama mmoja mkulima alinipeleka kwenye bonde lililokuwa la mpunga. Majaruba yalikuwa bado yanaonekana, kingo zake zikiwa zimekatika hapa na pale. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe, na katikati ya majaruba miche ya mikandaa ilikuwa imeota yenyewe, mirefu kufikia goti. Alichota udongo kwenye kiganja. "Onja, mwanangu." Ulikuwa chumvi. Maji ya bamvua yanaingia, akasema, yakitoka huacha ile chumvi, na mpunga haustahimili. Je, hilo ni kosa la nani? Pwani hiyo hiyo mikandaa ilikatwa kwa miaka kwa ajili ya boriti na kuni, na ukuta wa asili ukapungua. Mwanasheria wa nchi tajiri angeanzia hapo hapo. Mahakama iliulizwa jambo hilo, na ikajibu kwamba kuonyesha uhusiano kati ya kitendo na madhara ni kugumu zaidi kwenye tabianchi kuliko mtu akikumwagia mafuta mtoni, lakini hakushindikani, na kunategemea ushahidi wa kila tukio. Neno la kushika hapo ni ushahidi. Vanuatu haikwenda The Hague na machozi. Ilikwenda na taarifa za wanasayansi na maelezo ya watu wa vijijini, yakiwa yameandikwa, yana tarehe, yana majina ya mito na mashamba. Baada ya kimbunga Pam cha Machi 2015, hasara ilipigiwa hesabu ikakaribia theluthi mbili ya pato la taifa la mwaka. Sisi baada ya mafuriko ya 2024 na kimbunga Hidaya kilichofika karibu na Mafia mwezi Mei mwaka huo tulihesabu vifo na kaya. Kumbukumbu za aina ile ambayo mwanasheria anaweza kuishika mkononi ni chache mno.

Na mlango wa kuzitumia hauko mbali, uko Arusha. Tarehe 2 Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu itoe maoni yake kuhusu wajibu wa nchi za Afrika katika janga la tabianchi. Mahakama ya nchi za Amerika imeshatoa yake, Julai 2025. Ile ya Sheria ya Bahari ilitoa Mei 2024, ikiwa imeombwa na tume ya nchi visiwa iliyoanzishwa na Antigua na Barbuda pamoja na Tuvalu. Zamu ni yetu. Inauma kusema kwamba Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ilitoa taarifa Novemba 2019 ya kuondoa tamko lililowaruhusu raia wake na mashirika yao kuifikia moja kwa moja, na Rwanda ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2016. Kenya na Uganda hazikuwahi kulitoa tamko hilo. Mtu wa Kisiwa Panza anaweza kupanda boti na basi hadi mlango wa jengo lile na asiwe na njia ya kuingiza kesi dhidi ya serikali yake. Maombi ya maoni ya ushauri hayamlazimu kuwa na tamko, na ndiyo maana yana thamani ya pekee kwetu: ni mahali ambapo serikali na wanasheria wa ukanda huu wanaweza kupeleka maandishi yao bila mtu kumshitaki mwenzake.

Zanzibar iliwahi kuwa na kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Ilikipata tarehe 16 Desemba 1963, siku moja na Kenya, ikakaa nacho kama miezi minne hadi Muungano wa 26 Aprili 1964. Tangu hapo kilio cha visiwa vyetu husemwa na Tanzania, na ni haki kutarajia kitasemwa angalau kwa nguvu ile ambayo watu laki tatu wa Vanuatu wanajisemea. Kazi ya kwanza si kubwa hata kidogo: ofisi ya mwanasheria mkuu, chuo kikuu kimoja au viwili, wanafunzi kama wale 27 wa Port Vila, daftari, na Kiswahili, ambacho tangu 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika na hakihitaji mkalimani huku pwani. Pale bondeni yule mama hakuwa na karatasi yoyote, lakini alikuwa na tarehe zote. Alininyooshea kidole: mwaka alioolewa binti yake mkubwa maji yaliishia kwenye ule mwembe; mwaka aliozaliwa mjukuu wa kwanza yakafika jaruba la tatu; mfungo wa mwaka uliofuata yakapita hadi kisimani, na tangu hapo wanachota maji ng'ambo. Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuja kuyaandika hayo. Akasema wamekuja wengi kupiga picha.